Sumaku ya mkono ya "kufutia diski": mpini mzuri, kazi haipo

Kifaa chenyewe ni kipande cha sumaku ya neodimiamu chenye mpini wa plastiki. Kinauzwa kwa ahadi kwamba ukikipitisha juu ya diski kuu ya kompyuta (hard disk), kila kilichomo kinafutika kabla hujaiuza au kuitupa. Mpini umekaa vizuri mkononi na sumaku ni kali kweli, iweke mbali na vidole. Ila kufuta, hakifuti.

Kuhakiki ni rahisi. Chukua diski inayofanya kazi ya inchi 3.5, jaza picha, ichomoe kwenye umeme, isugue juu na chini dakika tano, kisha irudishe kwenye kompyuta. Kwa kawaida itawaka na picha zitafunguka kama hakuna kilichotokea.

Kwa nini? Mafundi wengi hueleza kwamba ndani ya diski tayari mna sumaku za neodimiamu, zile zinazousukuma mkono wa vichwa vya kusomea, tena sentimita chache tu kutoka kwenye sahani zinazohifadhi data. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu, maana hizo zimebanwa kwenye mabamba ya chuma yanayozuia nguvu yake isisambae. Jibu lenyewe liko kwenye sahani. Disketi za zamani za inchi 5.25 zilivurugika kwa oersted 300 hivi (oersted ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Sahani za diski za leo zinahitaji takriban 5,000. Sumaku nzuri ya mkono hutoa gauss 3,000 hadi 5,000 (hewani gauss moja ni sawa na oersted moja) pale inapogusa tu, na nguvu hiyo hushuka haraka kwa kila milimita. Ikishapita kasha na nafasi iliyomo ndani, inayofika kwenye sahani haitoshi. Hofu ya sumaku tumeirithi kutoka enzi za disketi.

Diski ikiwa inazunguka, mambo ni mengine. Sumaku inaweza kuuyumbisha ule mkono, na kichwa huelea nanomita chache tu juu ya sahani. Kikigusa, utasikia tak, tak, tak, na kompyuta haitaiona tena diski. Wengi hudhani hapo imefutika. Sivyo: wewe umeshindwa kusoma, lakini sehemu kubwa ya data ingali kwenye sahani, na maabara ya kuokoa data inaweza kuitoa.

Kwa SSD (diski isiyo na sahani wala kinachozunguka) na flashi ndiyo bure kabisa. Humo data ni chaji za umeme, sumaku haina habari nazo. SSD ifute kwa amri ya ufutaji salama, kupitia programu ya mtengenezaji.

Zipo mashine halisi za kuondoa usumaku, na hizo hufuta kweli. Lakini hufuta pia alama za kiwandani zinazoongoza vichwa, kwa hiyo diski haifai tena hata kuuzwa.

Hela ya kifaa hiki bora ibaki mfukoni. Kwenye Windows fungua diskpart, programu ya kusimamia diski kwa kuandika amri, kama msimamizi, andika list disk, kisha select disk na namba yake, halafu clean all. Namba iangalie mara mbili kwa kulinganisha ukubwa. Ukikosea hapo hakuna kurudi. Usiandike clean peke yake, hiyo huondoa tu jedwali linaloonyesha diski ilivyogawanywa na data inabaki. Kwenye Linux, shred -v -n 1 ikifuatwa na jina la diski inatosha, mzunguko mmoja tu. Diski ya TB 1 huchukua saa mbili hadi tatu; kwa USB 2 iache usiku kucha.

Diski iliyokufa ifungue kwa bisibisi ya Torx (yenye ncha ya nyota), kwa kawaida T8 kwa kubwa na T6 kwa ya laptopu. Kifuniko kikikataa usikilazimishe, kuna skrubu iliyojificha chini ya lebo. Sahani za alumini zikunje. Za laptopu mara nyingi ni kioo na hupasuka vipande kama wembe, kwa hiyo zifunge kwa kitambaa kizito na uvae miwani kabla ya kugonga.

Ukikinunua hata hivyo, kiweke mbali na kadi yenye mstari mweusi wa sumaku na mbali na mtu mwenye kifaa cha moyo. Laptopu ikizima skrini kikiwa karibu, usihangaike: kihisi cha kifuniko kimedhani umeifunga.

Nyota 1 kati ya 5, na hiyo ni kwa kuokota skrubu zilizoanguka chini ya meza.