Dereva wa Costa nimeenda kufundishwa go-kart, aibu niliyoipata acha tu

Aisee hii riviu naiandika mbavu bado zinauma kwa hiyo mnivumilie. Mimi naendesha Costa hapa Dar mwaka wa 11 huu, njia ya Mbagala naijua shimo kwa shimo. Juzi kati nilienda Nairobi kumsalimia dada, mpwa wangu wa miaka 13 akanikaba mjomba twende go-kart mjomba twende go-kart (vile vigari vidogo vya mashindano, unakaa chini chini), basi tukaenda, kumbe kama hujawahi wanakuweka kwanza darasa la wanaoanza, masaa mawili, elfu sita za Kenya kwa kichwa. Nikamwambia yule dada wa kaunta huyu mtoto ndo aingie darasani, mi dereva. Akanicheki akacheka, akasema "hata madereva wanaingia, mzee." Jina la sehemu sitaji maana kuna mambo nitawasema huko mbele.

Darasa lenyewe linaanza kwa miguu. Mwalimu (kijana mdogo tu, mpole, ila macho yake hayakosi kitu) alituzungusha njia nzima tukitembea, anatuonyesha kona moja moja, akainama akaokota vipande vya mpira vimetapakaa pembeni kama mavi ya mbuzi, akasema hizi ni tairi zimemenyeka, ukitoka kwenye ule mstari mweusi ukakanyaga hizi umeteleza. Mi nilikuwa nadhani lami ni lami. Akaeleza na bendera, njano kuna hatari mbele usimpite mtu, bluu mpishe aliye nyuma yako ana kasi zaidi, nyekundu wote mnapunguza na kusimama, nyeusi ukiona ni yako rudi ndani una kesi ya kujibu. Nikawaza hii ya bluu ingekuja Kariakoo sijui nani angeitii.

Halafu tukageuzwa kwenye mashine. Hapa ndo nilipoanza kunyamaza. Hiki kidude hakina shokapu, hakina springi, hakina difu, eksili ya nyuma ni chuma kimoja kimeshika tairi zote mbili, kwa hiyo kwenye kona tairi ya ndani na ya nje zinalazimishwa kuzunguka sawa wakati safari zao si sawa. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma gari lenye difu iliyofungwa anajua linavyogoma kukata kona. Sasa dawa yake jamaa akaichora chini kwa chaki, ukikata stelingi vizuri uzito unahamia nje na ile tairi ya nyuma ya ndani inanyanyuka kidogo tu, ndo kinageuka. Injini ni Honda GX200, cc 196, ukoo ule ule wa zile za pampu za kumwagilia mashamba, na wala si ajabu kwa sababu go-kart ya kwanza kabisa ilitengenezwa California mwaka 1956 na bwana anaitwa Art Ingels kwa injini ya mashine ya kukatia nyasi. Tena Nairobi iko juu, mita kama 1,700, hewa nyepesi, injini za kabureta namna hii zinapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kila ukipanda mita 300, piga hesabu mwenyewe. Lakini we kaa pale matako yako yako vidole vitatu toka kwenye lami halafu uniambie kama unaona nguvu zimepungua.

Breki sasa. Breki iko nyuma tu na inakanyagwa kwa mguu wa kushoto, moto (pedeli ya mafuta) mguu wa kulia, na vyote viwili kwa pamoja ni marufuku maana klachi yake, ile inayojishika yenyewe bila pedeli, inaungua. Miaka 11 mguu wangu wa kushoto unajua klachi peke yake, ukikanyaga unakanyaga mpaka chini kwa nguvu zote! Kona ya kwanza nikakanyaga hivyo hivyo, tairi za nyuma zikafunga, nikazunguka kama pia, nikasimama nimetazama nilikotoka na watoto wanne wanakuja usoni. Mwalimu alitufundisha ukizunguka kanyaga breki, usishuke, nyoosha mikono juu waone umesimama. Nikanyoosha. Mpwa wangu alipita akanipungia, alidhani namsalimia.

Nilizunguka mara tatu siku hiyo sioni haya kusema. Ila ndo nawasifu hapa, yule kijana hakuwa anakaa kivulini anachati kama wengine, alikuwa anasimama kila raundi kwenye kona tofauti na tukiingia pit, pale pa kusimamia, anakwambia kitu kimoja tu, si kumi. Mimi akaniambia, "mzee, unaendesha kama una abiria wamesimama nyuma." Nikacheka kwa sababu ni kweli, nilikuwa naachia moto mapema, nabembeleza, naingia kona mguu bado umegusa breki ili mtu asidondoke. Akaweka koni moja ya chungwa kabla ya kona, breki yote uimalize hapa stelingi ikiwa imenyooka, ukiachia ndo ukate. Ingia pole pole, utoke mbio. Raundi ya pili nikaipata, aisee kile kidude kilikata kama kisu na nikatoka kwenye kona moto umefika chini, nilipiga kelele ndani ya helmeti peke yangu.

Kitu kimoja cha Costa kilinisaidia lakini. Gari refu huwezi kukata kona mapema, unaanzia nje kabisa, unachelewa, ndo unaingia, ukikosea tairi ya nyuma inapanda ukingo. Kumbe na huku ni hivyo hivyo, wanaanzia nje, wanagusa ndani, wanaachia kinatoka nje chenyewe. Mwalimu akaniuliza hii nani amekufundisha nikamwambia mitaro ya Mbagala.

Mpwa alinishinda sekunde 4 kwa lepu, yaani kila mzunguko mmoja wa njia. Mepesi yule, na hana tabia mbaya za kusahau. Lewis Hamilton alianza mashindano ya go-kart ana miaka 8 basi, mi nimeanza na 38.

Sasa malalamiko. Helmeti niliyopewa ilikuwa inanuka jasho la watu wa wiki nzima na ile kofia ya kitambaa ya kuvaa ndani wanakuuzia shilingi 200 zaidi, hiyo iwe ndani ya bei jamani. Kinga ya mbavu hawana, na kile kiti ni kigumu, kwenye kona za kulia mbavu za kushoto ndo zinalipa. Kingine, nusu saa ya mwisho walituchanganya na watoto wa birthday ambao hawakupita darasani hata dakika moja, hao ni kuchomekea tu mwanzo mwisho, bendera ya bluu hawaijui, nikajihisi niko nyumbani. Na mashine hazilingani, namba 7 ilikuwa inavuta vibaya mno mpaka nikaomba nibadilishiwe, walinibadilishia bila ubishi lakini.

Ukienda vaa viatu vya soli nyembamba, mi nilivaa buti sikuwa nasikia breki kabisa. Mtandio na nywele ndefu vyote vinachomekwa ndani ya ovaroli, hapo hawana mzaha. Na usile chipsi kabla.

Nawapa nne kwa tano, ile moja ni ya helmeti.

Jumatatu nikarudi kazini. Stendi, gari tupu, narudi nyuma kupanga foleni, mguu wa kushoto ukakanyaga ukijua ni breki. Costa ikaendelea kurudi taratiiibu mpaka konda akapiga bodi kwa kofi, "we mzee leo vipi?"