Sabufa ya QSC KS212C: besi inaenda mbele, jukwaani kunapumua

Kama unapiga laivu kwenye kumbi ndogo unaijua hii shida, watu mbele wanapata besi ya kawaida ila jukwaani kunavuma mpaka mpiga gitaa hajisikii na maiki zinaanza kulia. KS212C, sabufa yaani spika ya besi, ndo inatibu hapo. Ndani kuna spika mbili za inchi 12 na ampu ya wati 3600, prosesa yake inazipangia muda ili sauti zake zifutane kwa nyuma, watengenezaji wake QSC wanasema tofauti ya sauti ya mbele na nyuma ni desibeli 15. Ukitaka kufanya hivyo na sabufa mbili za kawaida inabidi moja ikae nyuma ya nyingine, kwa besi ya Hz 60 ni kama mita 1.4, ya nyuma uigeuze polariti (plasi na mainasi zibadilishane) na uicheleweshe milisekunde 4 hivi, sasa kwenye jukwaa dogo nafasi hiyo unaitoa wapi jamani? Hii unachomeka tu. Ila usiibane ukutani, ukuta unarudisha besi na faida inapungua. Kilo 40 sio mchezo, afadhali ina magurudumu. Kama ni disko tu la kutikisa vifua, hizo mbili za kawaida zikikaa pamoja zinatosha kabisa.