Proxmox kwenye klasta yetu ya Chake Chake: storeji inaonekana, lakini haifikiki

Kama una seva tatu na storeji moja ya NFS (yaani inayotumiwa na seva kadhaa kupitia mtandao), nakushauri uichukue Proxmox VE. Ni programu huria ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva) na kuziunganisha seva kadhaa ziwe klasta, yaani kundi moja. Inatoka Vienna, Austria, ipo tangu 2008, na msaada wa kulipia si lazima. Kwa ofisi ndogo kama yetu hapa Chake Chake, hilo peke yake linamfanya bosi akusikilize. Mimi naisifu zaidi kwa sababu ukikwama haikufichi kitu. Chini yake ni Linux tupu, unateremka ngazi kwa ngazi mpaka unaikuta shida ilipokaa.

Sisi yalitukuta pale seva ya tatu ilipohamishiwa kwenye swichi mpya. Zile mbili zikawa zinaisoma storeji vizuri. Ya tatu ikajaa alama za kuuliza za kijivu, hata kwenye mashine pepe zilizokaa kwenye diski yake ya ndani na zilizokuwa zikihudumia watu kama kawaida. Hapo ndipo wengi hukimbilia kuizima seva na kuiwasha upya. Msifanye hivyo, ndugu zangu. Mara nyingi alama ile inamaanisha kwamba huduma inayokusanya taarifa imekwama ikisubiri storeji ijibu, na mashine zenyewe huenda ni nzima kabisa.

Maelezo ya storeji huandikwa mara moja tu, kwenye /etc/pve/storage.cfg, na faili hilo huzifikia nodi zote, yaani seva zote za klasta. Kuiunganisha ni kazi nyingine: kila nodi hujifanyia wenyewe, chini ya /mnt/pve. Kwa hiyo jina likionekana kwenye orodha, si ushahidi kwamba nodi ile imeifikia storeji. Na kile kisanduku cha kusema storeji ni ya pamoja, ukikitia alama hakiigawi diski ya ndani kwa seva nyengine. Kinaiambia klasta tu kwamba yaliyomo ni yale yale kila upande. Nimeona mafundi wazuri wakipotea hapo.

Basi tukaanza chini. Kura za klasta (kila seva ina moja, kuonyesha ipo kundini) zote tatu zipo. Amri ya showmount -e ikaleta orodha ya folda zinazotolewa na storeji, na anwani ya IP ya seva ya tatu imo miongoni mwa zilizoruhusiwa. Pingi, yaani kifurushi kidogo cha kujaribu mtandao, inajibu. Mtu mwenye haraka angesema mtandao hauna neno. Lakini ukiandika ls kwenye folda ya diski za mashine pepe, kishale kinasimama palepale, hakuna jibu wala hakuna kosa.

Mwenzetu wa Unguja, tulipomweleza kwa simu, akasema: "Sheikh, pingi hiyo ndogo. Tuma kubwa."

Tukapiga ping -M do -s 8972 (pingi ya baiti 8972 isiyoruhusiwa kukatwa vipande), kimya. Tukashusha mpaka 1472, ikajibu papo hapo. Seva na storeji zote ziliwekwa MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa kifurushi, ya baiti 9000 (toa 28 za vichwa vya IP na ICMP, unabaki na 8972), na swichi mpya ilikuwa haijaruhusiwa kupitisha fremu kubwa, yaani vifurushi vya ukubwa huo. Vifurushi vidogo vikipenya, vikubwa vikitupwa bila ya taarifa yoyote. Fremu kubwa ziliporuhusiwa kwenye swichi, ile ls iliyokwama ikamalizia wenyewe na orodha ya faili ikashuka yote.

Dosari ninayoiona ni kwamba alama ya kuuliza kwenye skrini haikwambii sababu. Lazima ushuke kwenye amri ya pvesm status, inayoonyesha hali ya storeji, na kumbukumbu za mfumo, na ofisi isiyo na mtu wa Linux itateseka.

Na kwa wenzangu wa Pemba: umeme wetu unakuja kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, na ukirudi baada ya kukatika, vyombo vyote vinawaka kwa pamoja. Storeji ikichelewa kuamka, mashine pepe zilizomo humo zinaweza kushindwa kuwaka. Proxmox ina mpangilio wa kuifanya nodi isubiri kabla ya kuziwasha, hadi sekunde 300. Sisi tumeuweka kwenye nodi zote tatu.