Whisper kwa mahojiano ya afya Nairobi: Kiswahili inakiweza, Dholuo haiijui

Whisper, programu ya kunukuu sauti iliyotolewa bure na OpenAI mwaka 2022, ukishaisakinisha na kupakua modeli yake haihitaji intaneti. Kwa utafiti wa afya hilo ni jambo kubwa: sauti ya mgonjwa anayesimulia habari za ARV zake haitoki kwenye kompyuta yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti.

Modeli zake zina ukubwa tofauti; tumia ile kubwa, large-v3. Inataka takriban GB 10 za kumbukumbu ya kadi ya grafiki. Medium, iliyo ndogo zaidi, huridhika na 5, ila makosa ni mengi zaidi. Laptopu isiyo na kadi hiyo iache ifanye kazi usiku kucha. Lugha itaje mwenyewe kwenye amri: --language sw. Usipoitaja, programu hukisia kwa sekunde 30 za mwanzo, na mtafiti akianza kwa kusoma fomu ya ridhaa kwa Kiingereza, maneno ya mgonjwa nayo yanaweza kutoka yamegeuzwa Kiingereza.

Kisomali kimo kwenye lugha inazozijua. Kikuyu, Dholuo na Kikamba hazimo, na programu haikatai kazi: inaandika tu kitu chenye sura ya Kiswahili. Rekodi hizo mpe mnukuzi anayeijua lugha, tena wa upande alikotoka mgonjwa.

Udhaifu unaouma zaidi ni ukimya. Mtu akisema "hizo dawa... nilikuwa nakunywa", pale alipositasita ndipo penye habari. Whisper hupafuta, pamoja na "eeh" na maneno yaliyorudiwa. Kimya kikirefuka, inaweza kubuni sentensi ambazo hakuna aliyezisema. Kuongeza --condition_on_previous_text False kwenye amri hupunguza marudio yasiyoisha, lakini ubunifu haumaliziki. Toa faili ya .srt, yenye muda wa kila kipande cha maneno, kisha aliyehoji asikilize rekodi yote akirekebisha. Kusoma peke yake hakutoshi, kwani uongo wake huja kwa Kiswahili safi.

Majadiliano ya vikundi haiyawezi vizuri, maana haitenganishi wasemaji. Msaidizi aandike kila zamu namba ya msemaji na maneno yake mawili ya kwanza. Na msikae karibu na dirisha la upande wa barabara yenye kelele za matatu, jamani.

Amri ya kutafsiri, --task translate, hupeleka kwenye Kiingereza pekee. Achana nayo. Chambua maandishi ya Kiswahili, kisha mtu atafsiri zile nukuu zitakazoingia kwenye ripoti.