Dynamite au SmackDown: onyesho gani la kwanza lilikuwa bora?

Wiki moja, chaneli mbili za Marekani, maonyesho mawili ya mieleka. Tarehe 2 Oktoba 2019 AEW, kampuni changa ya mieleka, ilizindua onyesho lake Dynamite kwenye chaneli ya TNT, mjini Washington. Siku mbili baadaye mpinzani wake mkongwe, WWE, akalihamishia onyesho lake SmackDown kwenye chaneli ya Fox, mjini Los Angeles.

Kwa gharama, Fox ilishinda wazi: nchini Marekani chaneli hiyo inanaswa kwa antena tu, ilhali TNT ilihitaji kulipia kebo.

Kwa mieleka yenyewe, naipa Dynamite. Cody Rhodes na Sammy Guevara walifungua kwa pambano lililopewa nafasi ya kupumua, kisha Riho akamshinda Nyla Rose na kuwa bingwa wa kwanza wa wanawake wa AEW. Fox walikuwa na The Rock, nyota wa mieleka na filamu, na shangwe lake halina mfano. Lakini Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, alipokonywa ubingwa na Brock Lesnar chini ya sekunde 10. Bado inaniuma, bingwa yule alistahili kupigana.

Ukitaka majina makubwa, anza na SmackDown. Ukipenda kuona kampuni changa ikijenga mabingwa wake, tafuta Dynamite.