Saruji ya 32.5 au 42.5: soma mfuko kabla ya kulipa

Dukani ukisema "simiti" unapewa mfuko wa kilo 50. Saitini neno hilohilo linabeba mambo manne: unga wenyewe, udongo wa kujengea tofali, lipu na zege. Ndiyo maana anayeagiza "simiti nzuri" huuziwa ya bei kubwa hata kama kazi yake haiihitaji.

Namba iliyo mfukoni ni nguvu. 32.5 maana yake kipande cha majaribio, saruji 1 kwa mchanga 3 kwa uzito, kikifikisha siku 28 kinahimili newtoni zisizopungua 32.5 kwa kila milimita ya mraba. Zege lako ni habari nyingine. Isome na herufi inayofuata: R hupata nguvu mapema, N huchukua muda wake. 42.5N hutakiwa kufikisha newtoni 10 siku ya 2, 32.5N haidaiwi kitu mpaka siku ya 7, ndipo hutakiwa 16.

Kwa kujengea ukuta na kupiga lipu, 32.5 inatosha kabisa, usidanganywe. Lipu ya 42.5 iliyokolezwa huchora nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Nguzo, lenta na slabu, hapo lipa hiyo tofauti.

Ila pesa hiyo hupotelea kwenye vipimo. Karai moja hujazwa kichuguu, jingine husawazishwa. Chonga boksi la mbao, ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25: ni lita 35, ujazo wa mfuko mmoja. Mfuko 1, mchanga boksi 2, kokoto boksi 4, maji lita 25 hivi. Mchanga ukiwa umeloa, punguza maji. Fundi akiongeza ndoo "ili zege lilainike", maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na 42.5 yako imekwenda nayo. Likishashika, limwagiliwe siku 7 mfululizo.

Kasoro ya mifuko yote, ya karatasi na ya nailoni, ni unyevu. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta, isizidi 10 kwenda juu. Ukiwa bado dukani bonyeza kona: vidonge vinavyosagika kwa vidole havina neno, vigumu kama kokoto rudisha. Na iliyolala stoo zaidi ya miezi 3 usiipeleke kwenye slabu.