Bafe ya Kiasia Shangani: anza na supu, sushi iache

Shilingi 35,000 kwa mtu mzima, watoto nusu bei, kodi imo ndani, na unakula mpaka ushibe kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, Jumamosi na Jumapili. Kwa hoteli ya Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar ambao bei nyingi zilikuwa zikiandikwa kwa dola, hiyo ni bei ambayo mkaazi anaweza kumchukua mama, wifi na watoto bila ya kukopa. Mimi nimewachukua. Nasema nenda, lakini ujue unakwenda kula nini.

Meza ina vya Thailand, Indonesia, China, Japani na Korea kidogo. Nilivyoonja mimi, kila kilichopikwa kwa vitu vya soko letu kimetoka vizuri mno, na kila kilichowekwa kikasubiri kimedorora.

Anza na tom yam, supu ya Kithai ya kamba. Mchaichai umetiwa shina bichi lililopondwa, harufu inakufikia kabla ya kijiko. Ndimu inatangulia, pilipili inafuata taratibu, na kamba wametiwa mwishoni kabisa, kwa hiyo bado laini. Mama yangu, ambaye hagusi chakula cha mkahawa mpaka akikague, alimaliza bakuli akaomba jengine, akasema ni urojo usiotiwa unga. Sijasikia akikisifu chakula cha hoteli namna hiyo.

Halafu mchuzi wa kijani wa kuku. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba jikoni kuna mtu anayejua kazi. Sisi tunapopika mchuzi wa nazi tunakoroga bila ya kupumzika, tui lisikatike. Wathai wanataka likatike: tui zito huchemshwa mpaka litoe mafuta, viungo vikaangwe humo, ndipo tui jepesi lifuate. Tui la kopo aghalabu hukataa kukatika, maana mengi hutiwa vitu vya kulishikanisha. Huu mchuzi ulikuwa na mafuta ya kijani yanayoelea juu. Nilimuuliza kijana anayehudumia, akaniambia nazi zinakunwa hapo hapo kila asubuhi. Ulimi ulikuwa umeshaniambia.

Satay, mishkaki ya Kiindonesia, za kuku na ng'ombe zinachomwa kwa mkaa mbele yako, zimelala kwenye manjano na mchaichai, na mchuzi wake wa njugu ni mzito, hauna sukari ya kupita kiasi. Watoto hawakutoka hapo. Jodari naye yupo, kaokwa nje tu, ndani mwekundu, kapakwa ufuta. Mchukue.

Sushi, wali wa Kijapani unaoliwa na samaki, iache. Samaki hana kosa. Kosa ni wali. Wali wa sushi hutiwa siki na sukari ukaliwa ukiwa na uvuguvugu, na huu ulitoka kwenye friji, punje zimekakamaa. Mwani uliouzungushia umelowa mpaka unavutika mdomoni. Dim sum, vitafunio vya Kichina vya mvuke, zilikuwa zimekaa mno nje ya mvuke, kingo zimekauka. Nilimwambia kijana, "Mwanangu, hizi zimelala," akaitikia kwa adabu, akaniletea kikapu kipya kinachofuka. Hizo zilikuwa nzuri, za kamba na tangawizi. Basi usizichukue mezani, ziagize.

Suala la halali niliuliza mapema, kwa sababu vyakula vya China na Japani huwa na nyama ya nguruwe na mvinyo wa kupikia. Mpishi alitoka mwenyewe, akatwambia nguruwe hamo jikoni mwake, na pahala pa mvinyo wa mchele anatumia siki ya mchele na sukari. Hakuonesha kuchoshwa na suali letu. Wifi yangu, aliyekuwa amekaa na sahani tupu, ndipo alipoinuka. Ningependa waandike kibao mezani, kila mgeni asilazimike kuuliza.

Vitamu, keki zipite. Chukua wali wa kunata wa Kithai kwa embe boribo, unaomiminiwa tui lenye chumvi kidogo. Chumvi ile ndiyo inayolitoa embe utamu wake wote, na boribo limeiva sawasawa, halina nyuzi.

Chai ya mchaichai imo kwenye bei. Maji, soda na juisi havimo, na juisi ya ukwaju kwa shilingi 8,000 ni ghali, kwa kuwa ukwaju si kitu cha kuagizwa mbali.

Chumba cha kusalia kipo chini, karibu na mapokezi, kisafi, na pa kutawadhia pana maji. Jumapili hujaa, piga simu siku moja kabla. Na ufike saa tano kamili, satay ndiyo kwanza zinawekwa mkaani na vikapu vya dim sum havijaanza kusubiri watu.